Ukurasa wa Zakia na Ukurasa wa Wote

Watu wengi waliomsoma Zakia Othmani hawakuwahi kumwona. Walimjua kwa picha ndogo iliyokaa pembeni mwa blogu yake, kafunga mtandio wa kijani, hacheki wala hanuni. Madereva waliofika Tunduma kwa mara ya kwanza walipita dukani kwangu kumuulizia kama wanaulizia ofisi ya serikali, na nilipowaonyesha mwanamke mwembamba aliyekaa kwenye kompyuta ya mwisho, karibu na feni, walinitazama mimi kana kwamba nawaficha Zakia mwenyewe. Walitegemea mtu mkubwa zaidi.

Hilo duka la intaneti lilikuwa langu, pale Majengo, chini kidogo ya barabara kuu. Kompyuta zilikuwa chache na chakavu, umeme wa kubahatisha, na wateja wengi walikuja kuangalia matokeo ya mitihani au mpira. Zakia alinichapia barua za watu na nyaraka za mizigo. Mumewe, Aziz Abdulwahab, alikuwa dereva wa malori ya Kongo, mtu wa Kondoa, mcheshi, asiyevua kofia hata kwenye joto. Waliishi na mama yake Aziz, Bi Mwajuma, katika nyumba ya kupanga nyuma ya msikiti. Watoto hawakujaliwa.

Blogu aliianzisha kwa sababu ya Aziz. Miaka ile foleni ya malori ilianzia getini, mpakani na Nakonde ya Zambia, ikaishia Mpemba, siku nyingine ikapita, na dereva akiwa Iringa hakuwa na njia ya kujua akimbie au alale. Aziz akawa anapiga simu: mke wangu, mkia wa foleni uko wapi? Zakia akachoka kumjibu mtu mmoja jambo ambalo wote walilitaka. Akafungua blogu, akaiita Foleni ya Tunduma. Kila asubuhi alipanda bodaboda hadi kwenye mkia, akarudi, akaandika. "Leo mkia uko sheli ya Mpemba. Upande wa Nakonde mtandao wa forodha umekata. Maji ya kunywa beba mwenyewe." Basi. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Chini ya maneno yake madereva walijaza maoni: wa kushukuru, wa kumtania kwamba anaandika kama trafiki, wa kumpinga kwamba mkia umeshasogea. Hata aliyempinga kwa matusi Zakia hakumfuta. Uwezo alikuwa nao, maana blogu ina mwenyewe, lakini alisema mtu akija kwako akasema neno, neno ni lake, siyo lako.

Ubaya wa blogu ni kwamba ya leo inaikalia ya jana. Dereva akiuliza wapi pa kulala salama Kapiri Mposhi, jibu lilikuwepo, alishalitoa mwenzake zamani, ila limezama huko chini na hakuna mwenye subira ya kulichimbua. Na Zakia akiugua malaria, Tunduma nzima haina foleni. Simu zilikuwa zinanimiminikia mimi, nami sikujua hata Mpemba pameamkaje.

Hapo ndipo alipoingia Gwakisa, mwalimu wa sekondari kule Mpemba, kijana wa Rungwe mwenye kalamu nyingi mfukoni na haraka ya kusaidia watu. Alikuwa ametoka semina Dar es Salaam na akaja kutueleza habari za wiki. Wazee waliokuwa wanasubiri kuchapiwa barua walidhani anazungumzia Jumatatu hadi Jumapili.

"Blogu," alisema, "ni mtu mmoja kasimama anaongea, wengine wanamjibu walipokaa. Wiki haina aliyesimama. Ukurasa ni wa wote. Ukiona kosa huandiki pale chini kwamba kuna kosa. Unaingia unalisahihisha, na linalobaki ndilo ukurasa."

"Na likiwa la uongo, nani atawajibika?" nilimuuliza.

"Wote, Mama Lusungu."

Sikulipenda jibu lile, na silipendi hadi leo. Mimi nikisikia wote wanawajibika najua hakuna wa kumshika shati.

Lakini nisiwe mchoyo. Wiki aliyotufungulia Gwakisa ilifanya kazi, na madereva waliielewa kuliko sisi tuliokaa nayo ndani. Kwenye maegesho, dereva akipita akaona kamba ya turubai la mwenzake imelegea, anaikaza anaenda zake. Haulizi ni ya nani, hangoji kushukuriwa. Wiki waliitumia hivyohivyo. Ukurasa wa Serenje, ukurasa wa Kapiri, ukurasa wa Kasumbalesa: aliyepita jana aliweka sawa alichokiandika wa juzi, na ulichokisoma kilikuwa kifupi, safi, hakina ugomvi. Zakia mwenyewe alisema kwa mambo ya njia wiki imeishinda blogu yake. Alisema bila wivu. Kulikuwa pia na ukurasa wa madereva wenyewe: nani yuko wapi, kabeba nini, kaharibikiwa wapi. Aziz alikuwemo.

Masika yaliyofuata Aziz aliondoka na mbolea kwenda Lubumbashi. Alishusha salama. Akarudi na lori tupu hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, akaegesha, akamwachia mwenzake ufunguo akisema anakwenda kununua dawa ya kichwa. Hakurudi. Simu ikazimwa. Tajiri alituma dereva mwingine akalichukua lori lake, na hapo akaacha kuuliza.

Zakia aliandika kwenye blogu: "Aziz Abdulwahab hajarudi. Aliyemwona aseme." Maoni yakaja. Mmoja alisema kamwona Likasi. Mwingine alisema kakamatwa. Mwingine alisema kuna lori la kukodi limeungua barabara ya Likasi, dereva hakutambulika, huenda ndiye. Mwingine, kwa lugha ya taratibu sana, alisema Aziz yuko palepale Kasumbalesa, nyumbani kwa mwanamke mwenye mgahawa, na ana afya. Yote yalikaa pale yanapingana, kila moja na jina la aliyelisema. Zakia aliyasoma, akayarudia. Nilimwambia alie, apumue. Akasema hajui alilie lipi.

Na hilo ndilo nataka lieleweke, kwa sababu watu walidhani anatafuta mume tu. Zakia alitaka kujua yeye ni nani. Mke husubiri. Mjane hukaa eda ikaisha. Aliyeachwa naye ana njia yake. Yeye hakuwa hata mmoja wa hao. Alikuwa anakuja kazini, anachapa, anakula anachopewa, anarudi. Ukimuuliza unaendeleaje anasema salama, na ulikuwa ukweli mtupu, kwa jinsi alivyokuwa hasikii kitu chochote mle ndani.

Mwishowe wiki ndiyo iliyoamua. Hakuna aliyesema uongo, hilo nimelifuatilia mwenyewe kwa kuuliza dereva mmoja mmoja. Yule wa Kasumbalesa alimwandika Aziz na yule mwanamke kwenye ukurasa wa madereva. Mwingine akaona hiyo ni aibu kwa dada yetu Zakia, anayetuamkia foleni kila siku, akaifuta ili amsitiri. Habari ya lori lililoungua ikabaki. Mwingine akaona "huenda ndiye" inamtesa mtu bure, bora moyo ujue moja, akaiondoa "huenda". Mwingine akaona kutaja moto ni ukatili, akaweka "ajali". Mwingine akaongeza "marehemu", kwa adabu tu, maana huwezi kumtaja mtu wa namna hiyo kavu kavu. Gwakisa alipopita kusafisha lugha alikuta sentensi nzuri, akaiwekea nukta. Kila mmoja alikaza kamba kidogo akaenda zake.

Mjomba wake Aziz alikuwa amekuja kutoka Kondoa. Alichapisha ukurasa ule kwangu hapohapo, akaupeleka kwa shehe, nami nikamsindikiza Bi Mwajuma aliyekuwa hawezi kutembea vizuri.

"Nani kaandika haya?" shehe aliuliza.

"Madereva, shehe," mjomba alijibu.

"Dereva gani?"

"Wote. Ukurasa huu ni wa wote. Asiyekubali angeingia akafuta."

Ni vigumu kubishana na karatasi isiyo na mwandishi. Shehe akauliza tena kama kweli kila dereva anaweza kufuta, wakamwambia kweli, hata sasa hivi, kwa simu. Akasema kama wengi namna hiyo wameona na hakuna aliyepinga, basi hiyo ni habari ya wengi. Ikasaliwa sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo. Ikasomwa hitima, watu wakala, na madereva walichanga vizuri sana, nawasifu. Zakia akavishwa nyeupe akaanza eda: miezi minne na siku kumi.

Nilimuuliza kabla hajaingia ndani anaonaje. Alisema, "Nilidhani akifa nitasikia kitu. Sasa sisikii kitu. Lakini hata kabla sikuwa nasikia, kwa hiyo siwezi kujua."

Blogu ikanyamaza siku hiyohiyo. Mtu akiondoka blogu inaondoka naye. Picha yake ilibaki pale pembeni na foleni ya siku ya mwisho, kana kwamba malori yote yamesimama Mpemba yanamngoja. Wiki haikujua kama Zakia hayupo. Iliendelea kusogea, na kwa hilo nilizidi kuichukia.

Aliyenivuruga ni Yonasi. Mnamwanga wa Chapwa, ana mashangazi Nakonde, dereva wa miaka mingi. Alikuja kuchapisha kitambulisho akaona tangazo la hitima bado limebandikwa ukutani kwangu.

"Mama Lusungu, huyu jamaa mbona mzima? Nimekula naye ubwali juzi tu pale Kasumbalesa. Ana gari dogo siku hizi, anabeba abiria."

Nilikaa chini. "Kwa nini hukuandika?"

"Niliandika. Ikafutwa. Nikaandika tena, ikafutwa. Nikasema basi, wenye mji wameshaamua, mimi nani."

"Mwandikie Zakia kwenye blogu."

"Pale linatoka jina, mama. Nimwambie mwanamke wa watu mumeo kaoa, kwa jina langu, mbele ya watu? Siwezi."

Nilikuwa na hasira hata nikamrudishia kitambulisho chake bila kukichapisha. Kisha nikafunga duka nikaenda nyuma ya msikiti. Zakia alikuwa ameketi chumbani kwenye mkeka, Bi Mwajuma amelala upande wa pili kageukia ukuta. Nikamwambia kwa sauti ya chini yote niliyoambiwa. Alinisikiliza akikunja kanga, akaikunjua, akaikunja.

"Umekula?" aliniuliza.

"Zakia, umenisikia?"

"Nimesikia. Mama leo ndiyo siku ya kwanza kalala bila dawa. Niache nimalize."

Akamaliza. Alikaa eda yote ya kifo kwa mtu aliye hai, akijua, kwa ajili ya mama wa mtu huyo. Sijui dini inasemaje na sikuuliza. Mimi niliumia kwa niaba yake, kwa kuwa yeye alikuwa hajaanza.

Siku aliyorudi kazini hakwenda kwenye mkia wa foleni. Aliketi, akafungua ukurasa wa madereva, akafuta sentensi nzima ya Gwakisa, akaandika: "Aziz Abdulwahab yuko hai. Anaishi Kasumbalesa." Tukaenda kunywa chai. Tuliporudi marehemu alikuwa amesharudishwa. Akaandika tena. Wakarudisha tena, na safari hii mtu aliongeza dua ndefu. Alipoandika mara nyingine Gwakisa mwenyewe alikuja, kashuka kwenye bodaboda na chaki bado mikononi.

"Dada Zakia, pole sana. Tunakuelewa. Lakini wiki ina utaratibu. Jambo likibishaniwa, linabaki lile ambalo wengi wamekubaliana, mpaka uthibitisho upatikane."

"Mimi ni mke wake."

"Wiki haitazami nani ni nani, dada. Ndiyo uzuri wake."

Akaufunga ukurasa usibadilishwe na mtu yeyote kwa muda, ili hali itulie. Alifanya kwa upole kabisa. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa na ambayo sijayajutia.

Nilimwambia Zakia aache. "Watu wote wanajua wewe ni mjane. Eda umekaa. Ukiolewa kesho watakuja kula pilau. Unataka nini tena?"

"Watu wanajua," alisema. "Mimi najua tofauti, na Mungu anajua tofauti. Kwa Mungu mimi bado mke wa Aziz. Siwezi kuingia kwa mwanamume mwingine, na siwezi kumsubiri mtu ambaye tumemsalia." Alisema kama anasoma bei ya kuchapa. "Nataka asome yeye. Na blogu atakuwa anaisoma. Kama bado anaendesha gari, anaisoma."

Basi akaiamsha blogu. Chini ya picha yake, kwa jina lake, akaandika: "Mume wangu Aziz hakufa. Yuko Kasumbalesa. Anajua ninapoandika." Pale hakuna aliyeweza kugusa neno lake hata moja. Lakini kumbe kuna njia nyingine ya kulifuta neno la mtu bila kuligusa. Maoni yalimiminika: pole dada, subira dada, ndiyo hali ya msiba hiyo, ndugu wa karibu mpelekeni akasomewe. Wengine walikuwa walewale waliomtetea siku zote. Walimpenda, na kwa upendo huo hawakumwamini. Alisoma yote mpaka chini. Hakumfuta mtu.

Kisha likaja moja kwa jina la Aziz Abdulwahab.

"Zakia, mimi mzima. Niliondoka kwa sababu nilichoka, siyo kwa kosa lako. Mama ameshanililia na watu wameshakula. Niache hivyo."

Watu walimrukia. Wakamwita muhuni, tapeli, mtu asiye na hofu ya Mungu anayejifanya marehemu. Mmoja alimwomba Zakia alifute takataka lile haraka. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikaona kishale kinakwenda mahali pa kufuta, kikakaa, kikaondoka. Akaandika chini yake, mbele ya wote:

"Nimekusikia. Na wewe niache. Andika talaka yangu hapahapa, watu wasome, na usiandike kwenye ule ukurasa mwingine."

Tulikaa tukingoja. Wateja waliingia nikawaambia mtandao umekata, na haukuwa umekata. Jibu lilikuja mchana. "Mimi Aziz bin Abdulwahab nimemwacha mke wangu Zakia binti Othmani, talaka moja." Waliokuwa wanamtukana wakaendelea kumtukana, maana kwao hata hilo lilikuwa mchezo. Zakia alilichapisha, akalikunja, tukaenda kwa shehe.

Shehe alisoma kwa muda mrefu. Alikuwa mzee wa haki, nampa hilo; hakujitetea.

"Talaka ya maandishi inapita," alisema, "kama aliyeandika ndiye mwenyewe. Unamjua kwa maneno yake?"

"Namjua."

"Basi binti yangu, kaa eda yako. Niwatangazie watu?"

"Mama yuko nyumbani," Zakia alisema.

Shehe akainamisha kichwa, na hatukusikia lolote kutoka msikitini.

Hivyo Zakia Othmani alikaa eda mbili kwa mume mmoja. Ya kwanza nyumba ilijaa watu, sufuria zikakosa pa kutengwa, wanawake wakapokezana kulala naye. Ya pili hakuna aliyejua ameingia. Nilikwenda mimi peke yangu, jioni ya Alhamisi, na sabuni na sukari, nami ni Mmoraviani, sikujua hata neno linalosemwa kwa mtu aliyeachwa na maiti.

Nilimkuta kwenye mkeka uleule. Bi Mwajuma alikuwa ameketi kitako, juzuu mapajani ingawa macho yake hayakusoma tena, anamwombea mwanawe kama alivyofanya kila Alhamisi tangu hitima. Alimwombea Aziz apanuliwe kaburi lake. Zakia akaitikia amina. Akamwombea apate nuru humo alimo. Zakia akaitikia amina, sauti ileile ya kusoma bei. Nikamtazama Bi Mwajuma usoni nikiwa na hasira yangu yote, nikijua mama huyu ana haki ya kuambiwa, nikijua ni juu yangu kusema neno moja tu. Bi Mwajuma akainua mikono, akamwomba Mungu amkutanishe na mwanawe siku ya mwisho, na kabla Zakia hajafungua mdomo nikasikia mtu ameshaitikia amina, na ni mimi.